Mzee Aliyewatangaza Madiwani Wote

Kwanza kilikuja kikohozi. Mama alikuwa hajafungua pazia la dirisha linalotazama barabara, na kikohozi kile kikubwa kuliko kifua cha mtu yeyote kilipanda hadi ghorofa yetu ya tatu, kikagonga ukuta wa jengo la ng'ambo na kuturudia. Kisha mtu akapuliza: fuu, fuu. Kisha sauti, laini kabisa, kama ya mtu anayemwamsha mgonjwa: "Yeoville, muko namna gani? Bamama na bapapa, habari ya asubuhi."

Mama alikuwa akinichana nywele kabla sijaenda shule. Alitulia, chanuo likiwa hewani. "Haya," akasema, "uchaguzi umefika."

Hivyo ndivyo tulivyojua sisi wa mtaa wa Yeoville. Mabango yaliyofungwa kwenye nguzo za umeme yalikuwa na nyuso zinazocheka na maneno ya Kiingereza, na watu wa jengo letu waliyapita kama wanavyopita matangazo ya sabuni. Tulimngoja yeye. Wakongo walimwita Papa Micro. Watanzania, mama yangu akiwa wa kwanza, walimwita Mzee wa Kipaza. Jina lake halisi lilikuwepo na lilitumika kanisani, lakini mtaani lingemchosha kila mtu.

Alikuwa mtu wa Uvira, Kongo. Miaka ya kawaida alitangaza saluni mpya, mikutano ya injili, maduka ya magodoro yanayofunga, mabasi ya kwenda mazishini. Ila kila uchaguzi wa jiji ulipokaribia, wagombea udiwani wa kata yetu walimfuata mmoja baada ya mwingine, naye akapanda nyuma ya pikapu na betri yake na kipaza chake, akawatangaza kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu. Mtu angeuliza kwa nini mgombea atumie Kiswahili mtaani ambako wengi wetu hatukuwa na haki ya kupiga kura. Mgombea mmoja aliwahi kumjibu Mzee swali hilo: ukumbi ukijaa, picha haimwulizi mtu kitambulisho. Mzee wa Kipaza alipotusimulia hayo alicheka mpaka akafuta macho. Naye hakuwa na kura. Aliwaita wengine waende kupiga kura uchaguzi baada ya uchaguzi, na siku yenyewe ilipofika alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, akitazama foleni.

Historia ya kata yetu niliipata kutoka mdomoni mwake. Ofisi za jiji zina ramani na matokeo, na sina shaka ni sahihi. Yeye aliwakumbuka madiwani kwa namna majina yao yalivyomkaa ulimini. Wa kwanza ambaye mimi mwenyewe nilimsikia alikuwa na jina fupi, la kupigwa kama ngoma. Mzee alilitangaza siku nzima na jioni bado akawa na sauti ya kuimba. Diwani huyo alikuwa mrefu, mpole, msahaulifu. Alituletea taa za barabarani, akasahau kuwaambia wanaozibadilisha zikiungua.

Aliyemfuata alikuwa mwanamke mwenye jina refu, na katikati ya jina hilo kulikuwa na ule mlio wa ulimi wanaoutoa Wazulu kama kizibo kinachofunguka. Mzee wa Kipaza hakulala kwa sababu ya mlio huo. Alikuja saluni kwa mama, akasimama mbele ya kioo kikubwa, akaanza kuhangaika nao mbele ya wateja.

"Mzee, ulimi huo utauvunja," mama akamwambia, mikono yake ikiwa ndani ya nywele za mtu.

"Mama Rehema, uniache. Mwanamke ya watu anataka jina yake yote, hapana nusu."

"Basi fanya kama unamfukuza kuku."

"Kuku wa Tanga ao wa Uvira?"

"Wa Tanga anasikia ukimwambia mara moja. Huyo wa kwenu ndiye anayehitaji kipaza."

Saluni ikacheka. Mteja mmoja Mzulu, nywele zake nusu zimesukwa nusu zimesimama, akainuka kitini, akamshika Mzee taya kama daktari wa meno. "Cha, baba, si hivyo. Ulimi juu. Ubane. Sasa uachie." Mlio ukatoka. Mzee akaurudia, akaurudia tena, akatoka nje akiutoa mpaka kwenye kona, na watoto wa barabara nzima wakamfuata wakiutoa vizuri kuliko yeye.

Mwanamke yule alishinda, na miaka yake ndiyo ambayo wazee wa mtaa hadi leo huitaja wakitaka kumkera diwani mwingine. Mikutano yake ukumbini ilianza na maneno yaleyale: anayelala ndani ya kata yangu ni wangu. Aliyekuja baada yake aliona mambo kwa namna nyingine. Mkutano wake wa kwanza aliomba wapiga kura wakae viti vya mbele, wengine wakae nyuma. Alilisema kwa adabu, nasi tukalitii kwa adabu, ukumbi ukagawanyika kama kanisa siku ya harusi. Mzee wa Kipaza hakukaa mbele wala nyuma. Alisimama ubavuni, karibu na dirisha, kipaza kikiwa begani, kwa kuwa alikuwa ameajiriwa kutafsiri. Kuanzia siku hiyo, aliyekuwa nyuma na neno lake alimnong'oneza, naye akalisema kwa sauti ya mbele.

Nakumbuka jioni moja mama muuza ndizi alimnong'oneza kwa muda mrefu. Jengo lake lilikuwa limekaa bila maji, na lori la maji la jiji lilikuwa likisimama mtaa mwingine. Mzee akalifikisha neno lake mbele.

"Huyo mama anapiga kura hapa?" diwani akauliza.

"Anakunywa hapa, Mheshimiwa," akajibu Mzee wa Kipaza, kwa sauti ileile ya kumwamsha mgonjwa.

Hata viti vya mbele vilicheka. Diwani naye, nimtendee haki, akacheka, na lori likasogea. Mzee ndiye aliyezunguka kututangazia liliposimama. Maji hakuyatangaza kwa malipo hata siku moja.

Kwa mtu aliyeishi kwa kelele, alizichukia kelele kama ugonjwa. Nyumbani kwake watu waliongea kama wako wodini. Mkewe, aliyeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni Rockey Street na ambaye naye alikuwa na sauti ya soko, alikuja kwetu kila alipotaka kucheka. "Kule kwangu ni hospitali," alimwambia mama, "na mgonjwa ni masikio ya bwana." Chini ya jengo lao palikuwa na kanisa lenye spika kubwa. Mzee alishuka kulalamika mara nyingi kiasi kwamba mchungaji, akimwona tu mlangoni, aliinua mikono: "Papa, weye tena? Weye?"

Simu alikuwa hapokei. Ukimtaka ulimwendea. Chai aliinywa bila sukari, na kuwaudhi wenyeji alisema hivyo ndivyo wanavyokunywa waungwana. Alikuwa mgumu wa kukiazimisha kipaza, hata kwa msiba, mpaka aende nacho yeye. Na kulalia alivaa fulana za vyama vyote. Kila aliyemwajiri alimpa fulana, na kutupa nguo nzima ilikuwa dhambi kwake, basi kwenye kamba ya varanda yake vyama vyote vya nchi hii vilining'inia pamoja, vikipepea kwa amani ambayo sijaiona pengine popote. Vijana wa kona walimsumbua kwa hilo.

"Papa, sema kweli. Wewe uko upande gani?"

"Upande wa betri."

"Eish, Papa, betri haina upande."

"Iko nazo mbili. Moja inaleta, moja inarudisha. Zote zikifanya kazi ndiyo unanisikia."

Hakumdharau mgombea yeyote hadharani, wala hakumsifu nje ya saa za kazi. Nilipoanza kuandika hadithi na kuwa na maoni makali kuhusu kila kitu, jambo hilo lilinikera. Nilimwambia mtu hawezi kuwasemea wote bila kudanganya mahali. Alinisikiliza, kichwa ameinamisha kama fundi redio. "Binti," akasema, "mimi nawaita batu watoke nyumbani. Wakishatoka, wana macho." Sikuridhika. Nilipokuwa nikishuka ngazi bado nilikuwa nikibishana naye peke yangu.

Sharti nizungumzie mipaka, maana bila mipaka huwezi kuelewa kosa lake, na kosa lake ndilo lililomfanya apendwe kuliko usahihi wake wote. Kata si kitu kinachotulia. Kabla ya kila uchaguzi wakubwa huisogeza kidogo: huongeza jengo huku, hupunguza mtaa kule, kwa hesabu zao za idadi ya wapiga kura. Mzee alizijua kata za zamani kama mtu anavyozijua nyumba alizopanga. Wakati mmoja kata yetu ilishuka hadi kuonja ghorofa za mtaa jirani wa Berea. Wakati mwingine ilipanda Bellevue na kuiacha Berea nyuma. Tukitembea naye alituonyesha kwa kidole: hapa tulikuwa sisi, hapa tulikuwa wengine, kwenye robot hii, taa za kuongoza magari, tulikuwa nusu kwa nusu.

Basi mwaka mmoja mstari ulisogezwa, ukapita katikati ya barabara anayokaa yeye. Upande wa maduka ukabaki kwetu. Upande wa majengo marefu, pamoja na jengo lake mwenyewe, ukaenda kata ya jirani. Habari zilitolewa kwa njia ambazo habari kama hizo hutolewa, hazikumfikia mtu. Mzee alipanda pikapu na kumtangaza mgombea wetu pande zote mbili kama alivyozoea, kwa moyo wake wote, wiki baada ya wiki. Siku ya kura, watu wa majengo marefu waliingia vituoni wakilitafuta jina walilokuwa wameimbiwa, na karatasini halikuwepo. Wengine waligombana na wasimamizi. Bibi mmoja, Mzulu, mkazi wa siku nyingi, alirudi nyumbani bila kupiga kura, amekasirika, akisema wamemwibia mtu wake.

Mtu mwingine angekaa ndani mpaka yasahaulike. Mzee wa Kipaza, matokeo yalipokwisha kutoka, alikodi pikapu kwa jasho lake na kupita upande ule wa barabara, jengo kwa jengo. "Bamama na bapapa, ni mimi. Niliwaambia jina ya kata nyingine. Kosa ni yangu, hapana ya serikali, hapana ya mgombea. Ngiyaxolisa." Akalisema kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu. Kisha akaacha kipaza kwenye gari, akapanda ngazi hadi kwa yule bibi, kuomba radhi kwa sauti yake ya nyumbani. Sijui waliongea nini. Najua tu kwamba tangu hapo bibi huyo alinunua sombe kwa mkewe, ingawa alisema haipendi.

Kuna kazi moja aliyoikataa. Mgombea mmoja, mtu mwenye tabasamu zuri na viatu vizuri, alimpa maneno ya kusoma. Mwanzoni yalikuwa ya kawaida, takataka na mashimo ya barabara, halafu katikati yakasema wageni wamejaza mtaa na wageni watarudi walikotoka. Pikapu ilikuwa imesimama mbele ya saluni yetu. Tulimwona Mzee akisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. Hakukasirika. Alimgeukia mgombea, akamnyooshea kipaza.

"Haya usome wewe, Mheshimiwa. Mimi nikisoma batacheka. Banajua nilikotoka."

Mgombea akadhani ni utani, akakipokea. Akaanza. Lakini barabara ile asubuhi ilikuwa imejaa watu wa kila pembe ya bara hili, wenye mifuko ya mboga na watoto mgongoni, nao walisimama wakamtazama, wala si kwa chuki. Alifika kwenye neno takataka, akakohoa, akaruka mistari, akamalizia na salamu. Mzee akachukua kipaza chake, akashuka, akaja kuomba chai. Mama akavuta mkebe wa sukari. "Mzee," akamwambia, "leo nakutilia sukari, hata ukatae." Akainywa.

Nadhani ni siku hiyo alipoanza kuitaka kura. Hakulisema. Alianza tu kumwuliza mama maswali ya uraia kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Ukaazi wa kudumu alikuwa nao siku nyingi; uraia alikuwa hajauomba, kwa kuwa kwao Kongo ukichukua uraia wa nchi nyingine ule wa kwanza unaupoteza. Dada yake mkubwa bado yuko Uvira.

"Nitafika kwetu na viza," akasema. "Ofisa wa mpakani, mutoto wa juzi, ataniuliza: Papa, umekuja kutembea?"

"Mwambie umekuja kutembea," mama akajibu. "Kwani uongo? Kulala, unalala hapa."

"Na weye? Mbona hauombi?"

"Mimi Tanga siiachi. Lakini mimi siku ya kura silali njaa. Wewe nakuona pale kwenye kiti cha plastiki, unaitazama foleni kama mtoto anayetazama keki."

Mzee aliuomba uraia, ikapita miaka, na kila tulipomwuliza alisema bado, kwa sauti ileile. Kisha uraia ukaja. Mkewe ndiye aliyetuambia. Alipanda ngazi zetu akipiga vigelegele ambavyo kwake angezimiwa. Mzee mwenyewe siku hiyo alikaa ndani. Mkewe alisema alipiga simu kwa dada yake, yeye asiyependa simu, na waliongea mpaka salio likaisha, na baada ya hapo aliketi varandani chini ya fulana zake hadi jua likatua.

Msimu uliofuata wa uchaguzi, pikapu ilipita na sauti nyingine, ya kijana, iliyorekodiwa kwenye simu na kurudiwarudiwa. Watu walidhani Mzee anaumwa. Nilikwenda kumwona. Hakuwa anaumwa; alikuwa akipasi shati. Alikuwa amewakatalia wagombea wote, hata wale aliowapenda.

"Nilipokuwa sina kura," aliniambia, "sauti yangu iliweza kuwa ya kila mutu. Sasa niko na upande, binti. Siwezi kuwaita batu na upande mufukoni." Akaligeuza shati, akaongeza kwa masikitiko, "Lakini kijana ule anaharakisha. Anameza majina."

Na mstari ulikuwa haujarudi. Jengo lake lilibaki kata ya jirani, kwa hiyo kura aliyoisubiri miaka yote haingemgusa diwani yeyote wa kata aliyoitumikia. Ingehesabiwa ng'ambo, ambako miongoni mwa wagombea safari hiyo alikuwemo yule mtu wa viatu vizuri.

Siku yenyewe nilikuwa nyumbani kwa mama. Nilikuwa nimekwisha kupiga kura yangu Joubert Park ninakoishi sasa, wino bado mbichi kwenye kucha. Mzee wa Kipaza aligonga, akaingia, shati jeupe lisilo na chama, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Chai ilipoa mbele yake.

"Mbona hujaenda, Mzee? Foleni inakua," mama akasema.

"Nilifika karibu. Nikarudi." Alizungusha kofia. "Mama Rehema, nikifika waseme jina yangu haiko? Pale mbele ya batu wote niliowaita?"

Kumbe hilo ndilo lililomrudisha. Alikuwa na picha ya yule bibi kichwani, akitoka kituoni mikono mitupu. Nikatoa simu, nikamwonyesha tena tulichokwisha kukiangalia: jina lake, kata yake mpya, shule anayotakiwa kwenda. Alilisoma taratibu, midomo ikitembea. Jina lake halisi, lile la kanisani, sikuwahi kumsikia akilitamka. Akalitamka, akalijaribu mara moja.

"Si baya," mama akasema. "Ungelitangaza lingeshinda."

Akacheka kidogo, mabega yakashuka. Mama, ambaye hajui kuacha jambo, akamsogelea. "Haya tuambie. Yule wa viatu umempangia nini? Nani unampa?"

Alifungua mdomo. Mama akaweka kikombe chini asikose neno. Nami, nikiri, nilijisogeza.

"Mama Rehema," akasema, "majina yao yote nimeyapigia kelele miaka hii yote. Hii moja uniachie kimya."

Mama akamtazama, akaitikia kwa kichwa. Nilijitolea kumsindikiza, akakataa kwa mkono. Akavaa kofia, akaivua, akaiacha juu ya kochi kwa sababu, alisema, ndani ya kituo mtu haingii na kofia. Akajinyoosha shati. Kisha akatoka kwenda kupiga kura, na mlango ukafungwa nyuma yake.